Mtawa, Mmonaki, Bradha, Sista

Mara nyingi kila mwanamume avaaye kanzu na kufunga kamba kiunoni twamwita "padre". Tuyatazame majina haya moja moja.

MTAWA ni jina la wote, wanaume na wanawake, waliojifunga kwa nadhiri katika shirika. Latoka katika neno "kutawa", yaani kukaa ndani bila kutoka. Lakini si watawa wote wakaao ndani.

MMONAKI ndiye akaaye. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, yamtaka adumu na jamaa ya monasteri yake mpaka kufa. Ndugu wa Mtakatifu Fransisko, walioanza mwaka 1209, ni watawa lakini si wamonaki: wao hutumwa popote penye watu.

BRADHA si padre aliyeshindwa masomo. Utawa ni nadhiri. Upadre ni daraja takatifu. Mtu aweza kuwa na kimoja, au vyote viwili.

MASISTA nao hawafanani. Wengine hubaki ndani kwa sala. Wengine, kama wale wa Chama cha Mariamu Mtakatifu kilichoanzishwa Masasi mwaka 1946, husali pamoja na kuwahudumia watu.

Basi, binti au kijana wetu akisema, "Naitwa," tusimjibu upesi, "Nenda utawani." Tumwulize kwanza: waitwa kukaa, au kutumwa? Nadhiri ni ya maisha; asibishe hodi katika nyumba isiyo yake.