Nati Inapokuwa Mbovu: Usalama wa Magurudumu na Haki za Mlaji

Gari dogo la familia linaposafiri kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kila gurudumu lake huzunguka zaidi ya mara 100,000. Katika mizunguko hiyo yote, kinacholifunga gurudumu kwenye gari ni nati nne au tano ambazo zote pamoja hujaa kiganja kimoja. Walaji wengi huchagua tairi kwa uangalifu na kujadiliana bei ya rimu kwa muda mrefu, lakini nati huzipokea kama zilivyo, bila kuuliza swali. Somo hili linahusu kifaa hicho kidogo na hasara kubwa inayoweza kutokana nacho.

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:

(a) kueleza jinsi nati na bolti zinavyoshika gurudumu;
(b) kutambua nati isiyofaa kabla ya kuinunua au kufungiwa;
(c) kuchukua hatua sahihi anapoona dalili za hatari, na
(d) kutunza ushahidi na kudai haki yake pale bidhaa au huduma inapokuwa na kasoro.

1. Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye gari dogo linalotumia nati nne kwa kila gurudumu. Alinunua rimu za aloi zilizokwisha kutumika, kisha akaenda kwenye duka la vipuri, akamtajia muuzaji aina ya gari lake na kuomba nati 16. Akapewa nati mpya, zinazong'aa. Fundi wa tairi alizifunga kwa mashine ya upepo, na kazi ikaisha kwa muda mfupi.

Wiki tatu baadaye, akiwa safarini na watoto wake, alisikia mgongano upande wa nyuma kushoto. Mgongano huo ulikwenda polepole kila alipopunguza mwendo. Aliposimama kando ya barabara, alikuta bolti moja imekatika na nati yake haipo. Nati mbili zilizunguka kwa vidole. Gurudumu zima lilikuwa limeshikwa na nati moja tu.

Aliporudi dukani, muuzaji alimwambia kuwa nati ni nzima, ila fundi alizikaza vibaya. Alipokwenda kwa fundi, aliambiwa kuwa kazi ya fundi ni kufunga kile alicholetewa na mteja. Kila mmoja alimrushia mwenzake lawama, na mlaji akabaki katikati. Tutaurudia mfano huu mwishoni, kwa maana jibu lake limo ndani ya nati zenyewe.

2. Jinsi nati inavyoshika gurudumu

Katika magari mengi yanayotoka Japani, bolti (ambayo baadhi ya mafundi huiita studi) hupachikwa kwenye habu, na rimu huvalishwa juu yake kisha ikafungwa kwa nati. Magari mengi ya Ulaya hayana nati. Bolti yenyewe hupitishwa kwenye rimu na kukazwa moja kwa moja ndani ya habu.

Watu wengi hudhani kwamba gurudumu huning'inia juu ya bolti kama koti juu ya msumari. Sivyo. Nati inapokazwa, bolti huvutika kidogo sana, kama springi. Mvuto huo huibana rimu dhidi ya habu kwa nguvu kubwa, na msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba mzigo wa gari. Mvuto ukipungua, rimu huanza kucheza. Kila mzunguko wa gurudumu huikunja bolti huku na huku, na chuma kinachokunjwa mara nyingi huchoka, kikapata ufa, kisha kikakatika. Ndiyo sababu bolti inaweza kukatika wiki kadhaa baada ya kosa kufanyika.

Kwa hiyo, nati iliyolegea na nati iliyokazwa kupita kiasi ni hatari zote mbili. Ya kwanza haina mvuto wa kutosha. Ya pili huivuta bolti kupita uwezo wake, nayo hushindwa kurudi katika urefu wake wa awali, kama mpira uliokwisha kuchoka.

3. Kasoro zinazotokea mara kwa mara

*Meno yasiyolingana.* Bolti mbili zinaweza kuwa na unene uleule wa milimita 12 lakini meno yake yakatofautiana. Magari mengi madogo ya Toyota na Honda hutumia meno yenye nafasi ya milimita 1.5, ilhali mengi ya Nissan na Suzuki hutumia milimita 1.25. Nati isiyolingana huingia mzunguko mmoja au miwili, kisha hugoma. Ikilazimishwa kwa mashine, huonekana imekaza sana, kumbe imekula meno ya bolti.

*Umbo la kikalio lisilofaa.* Sehemu ya nati inayogusa rimu huwa na umbo la koni, la mviringo kama mpira, au bapa lenye washa. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati bapa yenye washa, na zile za Honda hutumia kikalio cha mviringo. Rimu nyingi zinazouzwa madukani huhitaji koni. Nati ya koni katika tundu la mviringo hugusa ukingo mwembamba tu. Hukaza leo, kesho ikalegea.

*Nati yenye kofia ya bati.* Baadhi ya nati huvikwa bati jembamba linalong'aa. Kutu ikiingia chini yake, bati huvimba na spana hukataa kuingia. Mlaji hugundua jambo hilo usiku, akiwa na pancha barabarani.

*Uchafu kati ya rimu na habu.* Kutu, rangi mpya au mchanga huweza kuzuia nyuso hizo kukutana sawasawa. Uchafu huo hulika gari linapotembea, na nati hubaki bila mvuto.

*Marekebisho ya kulazimisha.* Kuchomelea nati kwenye bolti, kuchomelea bolti kwenye habu, au kuweka bolti ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi si matengenezo. Joto la kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma, na bolti ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Mlaji asidhani pia kwamba kasoro hizi ni za gari kuukuu pekee. Mwezi Juni 2022, kampuni ya Toyota iliyaita magari mapya ya umeme yapatayo 2,700 aina ya bZ4X katika nchi mbalimbali, kwa sababu bolti za habu ziliweza kulegea na kusababisha gurudumu kuchomoka. Wamiliki walitakiwa kuacha kuyaendesha hadi ufumbuzi upatikane. Anayenunua gari lililotumika kutoka nje anashauriwa kutumia namba ya chesisi kuuliza kwa mtengenezaji kama gari hilo liliwahi kuitwa kwa marekebisho, na kama marekebisho hayo yalifanyika.

4. Wakati wa kununua

Nenda dukani na nati moja ya zamani iliyo nzima, na ikiwezekana picha ya tundu la rimu. Mtajie muuzaji aina ya gari, mwaka wake na aina ya rimu. Maelezo haya yana uzito wa kisheria, kama tutakavyoona.

Linganisha meno ya nati mpya na ya zamani. Kagua umbo la kikalio. Kataa nati za aina tofauti katika gurudumu moja, hata kama fundi anasema zitashika. Dai risiti ya kielektroniki inayoonyesha jina la bidhaa, na si neno "vipuri" peke yake.

5. Siku ya kufungwa

Simama karibu uangalie. Si kumdharau fundi. Ni gari lako na ni familia yako. Hakikisha mambo haya yanafanyika:

1. Uso wa habu na mgongo wa rimu vinasafishwa kwa brashi ya waya.
2. Kila nati inaanzishwa kwa vidole na kuzunguka kwa urahisi mara tano au sita kabla ya spana kuigusa. Ikigoma, isilazimishwe.
3. Bolti hazipakwi oili wala grisi, isipokuwa kitabu cha gari kimeagiza hivyo. Meno yenye mafuta huifanya bolti ivutike kuliko fundi anavyodhani.
4. Nati zinakazwa kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kufuatana, ili rimu ikae sawa.
5. Kukaza kwa mwisho kunafanyika gari likiwa limeshushwa chini, kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Magari mengi madogo ya Toyota huhitaji takriban nyutonimita 103. Kwa spana yenye mpini wa nusu mita, kipimo hicho ni sawa na kuisukuma ncha ya mpini kwa uzito wa kilo 21 hivi. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya mpini huohuo, anakaza zaidi ya mara tatu ya kipimo. Kupanda juu ya spana, ambako wengi hukuona kuwa ni umakini, ni njia ya hakika ya kuharibu bolti.

Baada ya kutembea kilomita 50 hadi 100, nati zikaguliwe tena kwa spana ya kupimia. Hatua hii huchukua dakika chache, nayo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

6. Dalili za hatari

Dalili ni hizi: mgongano au mlio unaofuata mwendo wa gurudumu; mtetemo mpya wa usukani au wa kiti; michirizi ya kutu inayotoka chini ya nati; chuma kinachong'aa kuzunguka tundu la rimu; na tundu lililopanuka likawa kama yai.

Ukiona dalili hizo ukiwa safarini, punguza mwendo taratibu bila kukanyaga breki kwa ghafla, toka kabisa barabarani, washa taa za tahadhari na uweke pembetatu za onyo. Shusha abiria, wakae mbali na barabara. Usiendelee na safari ukiwa na bolti iliyokatika. Mwite fundi aje ulipo. Bolti moja ikikatika, zile za jirani zilikwisha kubeba mzigo wake. Zikaguliwe zote, na kwa usalama zibadilishwe zote katika gurudumu hilo, pamoja na nati zake.

7. Ushahidi na haki

Kosa kubwa la walaji wengi ni kumwachia fundi vipande vilivyokatika. Vipande hivyo ndivyo shahidi mkuu. Piga picha kabla kitu chochote hakijafunguliwa, kisha weka nati na bolti katika mfuko, uandike tarehe na gurudumu zilikotoka. Bolti iliyokazwa kupita kiasi mara nyingi huwa na shingo iliyonyooka na kupungua unene. Iliyochoka kwa kulegea huonyesha mistari kama ya mawimbi mahali ilipokatikia. Iliyofungwa kwa nati isiyolingana huwa na meno yaliyolika au kuvurugika. Uamuzi wa mwisho ni wa mtaalamu, lakini hawezi kuamua juu ya kitu kilichotupwa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anapomweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake, bidhaa hiyo inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji na inaweka masharti kuhusu usalama wa bidhaa. Kwa hiyo maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yasikukatishe tamaa. Mlaji aliyebadili nia yake na mlaji aliyeuziwa bidhaa mbovu si watu wa daraja moja.

Anza kwa kuwasilisha malalamiko kwa muuzaji au gereji kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya risiti na picha, na kutaja unachodai: kurudishiwa fedha, kubadilishiwa bidhaa au kulipwa gharama za matengenezo. Usipopata jibu la kuridhisha, peleka shauri Tume ya Ushindani (FCC). Suala likihusu ubora wa bidhaa, litaarifu pia Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Taarifa yako inaweza kumwokoa mlaji mwingine aliyeuziwa nati za shehena ileile.

8. Kurudi kwenye mfano

Mama wa mfano wetu alikuwa amehifadhi risiti, nati zilizobaki na kipande cha bolti. Nati zilipolinganishwa na bolti nzima ya gari lake, zilionekana kuwa za meno ya milimita 1.5, ilhali bolti zilikuwa za 1.25. Muuzaji alitajiwa gari akatoa nati isiyolifaa. Fundi alizihisi zikigoma, naye akazilazimisha kwa mashine. Hivyo kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya wajibu, na lawama ya mmoja haikumwondolea mwenzake dhima. Bila vipande vile, mama huyo angebaki na neno lake dhidi ya maneno ya watu wawili.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini nati iliyokazwa kupita kiasi ni hatari kama iliyolegea?
2. Taja njia moja ya kutambua, bila kutumia spana, kwamba meno ya nati hayalingani na ya bolti.
3. Kwa nini ni muhimu kumtajia muuzaji aina ya gari kabla ya kununua?
4. Chukua kitabu cha gari lako leo na utafute kipimo cha kukazia nati. Kiandike kwenye karatasi na ukiweke pamoja na jeki na spana ya magurudumu.