Mwajuma wa Mtaa wa Kongo

Mwajuma mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Miaka yote umepanga vitenge chini, leo umepata fremu Mtaa wa Kongo. Fundi wa bango keshapaka ubao rangi nyeupe, anasubiri jina tu, na shoga yako anakwambia uandike "Maureen", eti wateja wa maana hawanunui kwa Mwajuma. Ukipita, vijana wanakuitia "Mwajuma Ndala Ndefu". Unauliza kama ulibadilishe moja kwa moja, mpaka kwenye kitambulisho.

Kejeli hiyo naijua, na inaniuma. Wanayemcheka ni mwanamke wa uswahilini, mwenye khanga yake na ndala zake, anayedhaniwa hajui kitu. Jina limebebeshwa tu.

Hebu lisikilize lenyewe. Mwajuma ni mtoto wa kike wa Ijumaa, kama Mwanahamisi wa Alhamisi na Mwanaidi wa sikukuu. Na kwetu siku zinahesabiwa kutoka Ijumaa: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano. Mdaiwa anayekuahidi hela Jumatatu ametaja kipande cha jina lako! Tena "mwana" huku pwani si mtoto peke yake. Ndivyo alivyoitwa bibi mwenye heshima zake. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, aliitwa hivyo.

Hata hapo Kariakoo unapofungua duka, jina lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi, mwanangu. Leo mfanyabiashara anatoka Lusaka au Lubumbashi anaulizia Kariakoo, wala haoni haya kulitaja.

Kubadili kunawezekana: wakili akuandalie hati, isajiliwe, kisha uzunguke NIDA, TRA na benki. Ungekuwa unalichukia jina lako nisingekuzuia. Ila barua nzima hakuna mstari unaosema hulipendi.

Kwanza muulize mama: ulizaliwa Ijumaa kweli, au ulirithishwa jina la bibi? Kama ni la bibi, na yeye ana haki kwenye ubao huo. Kisha nenda kwa fundi. Mwambie aandike MWAJUMA VITENGE, herufi zisomeke kutoka ng'ambo ya barabara, na nafasi ikibaki, namba ya simu.