Boti ya Fiba Ikitoboka: Kausha, Chonga Mteremko, Kisha Ujenge

Kwenye Ziwa Tanganyika, kuanzia mdomo wa mto Ruzizi hadi bandari ya Kalundu, na kushuka kuelekea Makobola, mitumbwi mingi bado ni ya mbao, na fundi wa kuiziba hakosekani. Boti ya fiba ikiumia, wengi huipeleka kwa fundi wa bodi za magari. Huyo huijaza mastiki, huisugua, huipaka rangi, na siku hiyo inapendeza. Lakini mastiki ya magari ina unga unaonyonya maji na haina nyuzi za kushikilia. Mawimbi yakiigonga chini ya mstari wa maji, inaachia, na mwenye boti hukuta tundu limekuwa kubwa kuliko mwanzo.

Mwambao wetu una hatari nyingi kwa boti. Mito inayoteremka milimani, kama Mulongwe iliyofurika Aprili 2020, husukuma mawe hadi ziwani. Maji ya Tanganyika yalipopanda 2024 yalifunika nyumba na sehemu ya bandari ya Kalundu, na ukuta uliozama hauonekani mpaka uugonge. Kwa hiyo kila mwenye boti ya fiba ajue kazi hii, hata kama atafanyiwa na fundi, ili ajue cha kudai.

Kagua kabla ya kugusa

Pandisha boti nchi kavu na ugonge eneo lote lililoumia kwa mpini wa bisibisi. Fiba nzima hulia kwa sauti kali. Iliyoachana tabaka hutoa sauti nzito, ya uvungu. Zungushia penseli kila unaposikia sauti hiyo, kwa maana madhara ya ndani mara nyingi ni mapana kuliko tundu la nje.

Kisha amua. Kama kilichobanduka ni jelikoti tu, yaani lile ganda laini la nje lenye rangi, hilo ni pengo dogo. Kama nyuzi zimeonekana zimekatika, au ukibonyeza panacheza, hesabu kuwa ni tundu hata kama maji hayajaanza kuingia. Ufa kwenye ubao wa nyuma unaobeba moteri, au kwenye uti wa chini, mwachie fundi mzoefu.

Osha, kisha kausha

Fiba haiozi kama mbao, lakini hunywa maji, na maji baridi ya ziwa huipenya kwa urahisi kuliko maji ya chumvi ya bahari. Ukifunika fiba yenye unyevu, kiraka hakitashika.

Anza na sabuni na maji mengi. Boti inayobeba ndagala ina mafuta ya samaki kila mahali, na rezini, yaani gundi inayoshikanisha nyuzi za fiba, haishiki juu ya mafuta. Usisafishe kwa esansi ya moteri, hasa ile iliyochanganywa na oili, kwa sababu huacha utando. Tumia asetoni na kitambaa safi, na ufanye hivyo kabla ya kupiga msasa, ili msasa usiyakandamize mafuta ndani ya fiba. Jaribu kwa kumwagia maji: yakitandaa sawasawa ni safi, yakijikusanya matone-matone bado kuna mafuta.

Sasa acha ikauke. Bandika kipande cha nailoni angavu juu ya jeraha, uzibe kingo zote kwa tepu, ulaze usiku. Asubuhi ukiona ukungu ndani ya nailoni, bado ina maji. Iache siku nyingine. Wakati mzuri wa kazi hii ni kiangazi. Nchi 4 za ziwa zilikubaliana kufunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na miezi hiyo ndiyo yenye mvua kidogo. Jikinge tu na upepo wa kusini unaoleta vumbi.

Kuziba pengo la jelikoti

Panua ukingo wa pengo kwa ncha ya kisu au msasa namba 80 mpaka uwe na mteremko mpole, bila ganda linaloning'inia. Futa kwa asetoni. Zungushia tepu ya karatasi ili usiharibu sehemu nzima.

Changanya jelikoti na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, jaza mpaka ipite kidogo usawa wa boti, kwa kuwa itanywea ikikauka. Hewa huizuia jelikoti kukauka usoni, hivyo ifunike mara moja kwa nailoni laini na usukume mapovu nje kwa kidole. Ikishakuwa ngumu, bandua nailoni na usugue kwa msasa wa maji: 240, kisha 400, 600 na 1000, ukifunga msasa kwenye kibao ili usichimbe shimo. Malizia kwa polishi ya magari.

Kujenga tundu

Kata na utoe kila kipande kilichokufa hadi ufikie fiba ngumu. Kisha, kwa upande wa ndani, saga mteremko wenye upana mara 12 ya unene wa boti. Tuseme boti ina unene wa milimita 6 na tundu lina upana wa sentimita 8: mteremko utakuwa kama sentimita 7 kila upande, na kiraka kizima sentimita 22. Wengi huona ni kupoteza fiba, lakini mteremko huo ndio unaoipa rezini mahali pa kushika.

Nje ya tundu weka kizuizi. Kipande kilichokatwa kwenye bidoni la mafuta ya kula kinafaa sana, kwa kuwa rezini ya poliesta haishiki plastiki ya namna hiyo. Kioshe, kikunje kufuata umbo la boti, ukikaze kwa tepu.

Kata mikeka ya fiba ya gramu 450 kwa mita ya mraba, miduara 6, kuanzia sentimita 22 kushuka hadi 8. Kila mmoja utajenga kama milimita 1. Paka rezini kwenye mteremko, laza mduara mkubwa kwanza ili ushike eneo lote, kisha midogo juu yake. Kila safu igongegonge kwa ncha ya brashi mpaka weupe wa nyuzi uishe. Weupe uliobaki ni hewa. Weka safu 3, ziache zikaze na kupoa, ndipo uongeze zilizobaki, kwa sababu rezini nyingi kwa mara moja hupata joto na kupasuka. Ikishakauka, ondoa bidoni, sugua upande wa nje, umalize kwa jelikoti kama ilivyoelezwa juu.

Kipimo cha hadina

Kwa tundu hili andaa gramu 200 za rezini, ukizichanganya kidogo kidogo. Kwa gramu 100 weka mililita 1 hadi 2 za hadina, ukipima kwa sirinji ya duka la dawa. Joto likizidi, shuka kuelekea 1. Hadina ikizidi sana rezini huwa dhaifu. Ikipungua sana haikauki kamwe. Fanya kazi asubuhi kivulini, maana juani rezini huganda kikombeni kabla hujamaliza safu moja.

Jilinde

Tone moja la hadina linaweza kuua jicho. Vaa miwani na glavu, na likikurukia osha papo hapo kwa maji mengi kwa robo saa, kisha uende hospitali. Unapopewa kobalti, yaani dawa ya kuharakisha rezini kukauka, kwenye chupa yake, usiikutanishe na hadina moja kwa moja, kwani hulipuka: koroga kobalti ndani ya rezini kwanza, hadina baadaye. Vumbi la fiba huumiza mapafu, kwa hiyo vaa barakoa na uwaondoe watoto. Fanya kazi mahali penye hewa, pasipo sigara wala jiko.

Kabla ya kurudi majini

Ipe boti siku 3 hadi 7. Iingize majini bila mzigo, karibu na ufuo, ukae nayo saa nzima ukiangalia upande wa ndani wa kiraka. Kikibaki kikavu, pakia nusu ya mzigo kwa safari ya kwanza, kisha ugonge tena kwa mpini wa bisibisi. Sauti ikiwa kali kote, boti iko tayari kwa kazi. Ukisikia uvungu, irudishe nchi kavu siku hiyohiyo. Watu utakaowapakia hawana njia ya kujua kilichofichwa chini ya rangi.