Adui Anaingiaje Mezani? Somo kwa Wanaoongoza Mchezo wa Hadithi na Vijana



Frateri anayekwenda likizo parokiani, au mlezi wa VIWAWA na TYCS, mara nyingi hukabidhiwa vijana Jumamosi jioni na kuambiwa tu: "Kaa nao." Kwaya ina mwalimu wake, mpira una uwanja wake. Somo hili linahusu njia nyingine ya kukaa nao, yaani mchezo wa hadithi wa mezani, na ndani ya mchezo huo linashughulikia jambo moja: namna ya kumwingiza adui mkuu. Nimelichagua kwa sababu hapo ndipo mchezo huu hujenga au hubomoa, hasa kwetu huku Mpanda na Katavi yote.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni hivi. Watu watano au sita huketi pamoja. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: mvuvi, mhunzi, mkunga, mwindaji, mjumbe wa mtemi. Msimulizi anaeleza mahali na tukio, kisha anauliza, "Mnafanya nini?" Kila mmoja anajibu kwa niaba ya mhusika wake, na pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu hurushwa, hata ile ya ludo inatosha. Hadithi huendelea wiki baada ya wiki. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974, mwaka uleule ambao Katavi ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Ni sadfa tu, lakini naipenda.

Katika miaka ya 1980 Wakristo wengi wa Marekani waliuogopa mchezo huo wakidhani unafundisha uchawi. Karatasi na dadu havimwiti shetani. Hata hivyo, nyuma ya hofu ile kulikuwa na swali ambalo mlezi hapaswi kulipuuza: kijana anayeketi saa mbili au tatu akimsaka mwovu wa kubuni, anajifunza kuutafuta uovu wapi?

Vijana wetu huja mezani wakiwa na picha tatu tayari. Ya kwanza ni ya sinema: kuna steringi na kuna adui, na adui unamjua kwa kicheko chake na kovu lake kabla hajatenda lolote. Ya pili ni zimwi la hadithi za jioni, ambalo halina haja ya kueleza kwa nini linakula watu. Hizi mbili hazina madhara makubwa. Ya tatu ndiyo ya kuogopa. Simulia kwamba kijijini ng'ombe wanakufa na watoto wanaugua, kisha uliza nani amesababisha. Mara nyingi hutasubiri sana kabla ya kumsikia mmoja akisema: "Kutakuwa na bibi kizee hapo."

Hakuna haja ya kueleza sana maana ya jibu hilo. Katika Kanda ya Ziwa na magharibi mwa nchi, mikoa yetu ikiwemo, wazee, na zaidi wanawake, wamekatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi ukiwa ni macho mekundu. Mwanamke aliyepika kwa kuni na moshi miaka hamsini atakuwa na macho ya rangi gani? Wazee wa Ufipa na maeneo ya jirani wanawakumbuka kamchape, watu waliopita kijiji kwa kijiji wakijidai kuwafichua wachawi. Mtafiti Roy Willis aliandika habari zao katika miaka ya 1960, na desturi yenyewe haijafa. Kwa hiyo msimulizi anayeanza hadithi yake kwa kibanda chenye giza, bibi mwenye macho mekundu na paka mweusi hajabuni chochote. Amesoma shtaka lililoandikwa na wengine, na amelisoma mbele ya watoto wa kijiji kilekile.

Pengine msomaji atasema tuondoe adui kabisa, tucheze hadithi za urafiki. Sikubaliani. Maandiko Matakatifu hayaogopi kumleta mwovu mbele yetu, tena yanamleta kwa namna nyingi. Goliathi anaingia kwa vipimo (1 Sam 17): urefu wa dhiraa sita na shubiri, dirii ya shekeli elfu tano za shaba, na sauti yake asubuhi na jioni kwa siku arobaini. Namna hiyo yafaa kwa mchezo wa jioni moja, vijana huifurahia, ila haiwafundishi zaidi ya kwamba adui ni mkubwa. Herode anaingia kwa hofu yake: anasikia habari za mtoto, anafadhaika, na mji mzima unafadhaika pamoja naye (Mt 2:3). Hapo tayari tunajua jambo juu ya mtu mwenyewe. Lakini mwalimu wetu mkuu katika somo hili ni nabii Nathani (2 Sam 12). Anamweleza Daudi habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Hasemi tajiri huyo ana sura gani wala anaishi wapi. Daudi anakasirika na kutoa hukumu kwanza, na ndipo anapoambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Nathani alionyesha tendo na kuficha uso. Angeanza na uso, Daudi angejitetea.

Mafrateri walio kwenye falsafa watatambua kwamba hili linakwenda sambamba na fundisho la Mtakatifu Augustino, kwamba uovu si kitu chenye uwepo wake bali ni upungufu wa wema uliopaswa kuwepo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye anaeleza kwamba nia ya mtu huelekea daima kitu anachokiona chema. Kwa msimulizi maana yake ni hii: adui asiyetaka kitu chochote chema si mtu, ni mdoli. Mpe kitu chema anachokipenda, kisha kipende vibaya kwa niaba yake.

Tuchukue mfano nilioutunga kutokana na mazingira yetu. Kila anayeujua Mto Katuma anajua kwamba kiangazi maji hupungua hadi viboko kwa mamia wanabanana katika matope pale Ikuu, mgongo kwa mgongo, na mamba wanajificha kwenye mashimo ya kingo. Anajua pia ugomvi wa kweli kati ya wanaochepusha maji huko juu na wanaoyasubiri huku chini. Katika nchi yetu ya kubuni, basi, yupo mtemi wa juu ya mto, anayeitwa Mwenye Maji. Akiwa kijana aliwazika ndugu zake katika mwaka wa ukame, akaapa kwamba mtu wake hatakufa tena kwa kiu. Akajenga bwawa. Hadi hapo ni shujaa. Kisha akaona kwamba anayeshika maji anashika kila kitu, na sasa vijiji vya chini hupewa maji kwa kipimo, na malipo ni watoto wa kwenda kuinua kingo za bwawa.

Kikao cha kwanza asitajwe kabisa. Wahusika wanafika kijijini na kuukuta mto umekauka, na mvua ndiyo kwanza zimekatika. Waonyeshe vitu vichache wanavyoweza kuvigusa: mtumbwi umelala shambani mbali na maji, mama anatoka usiku na ndoo, nyumba tatu mfululizo hazina kijana hata mmoja. Usieleze. Halafu kijiji kiwe na jibu lake tayari, lile jibu la bibi kizee. Wanakijiji wanataka wageni wasaidie kumfukuza, na wana haraka.

Hapa ninasisitiza: dadu isitumike. Uamuzi huu uwe wa vijana wenyewe. Wakimtetea bibi, waulize watamwambia nini baba aliyefiwa na mtoto, maana uchungu wake ni wa kweli. Wakikubali kumfukuza, usiwakaripie wala usianze mahubiri. Bibi aondoke. Asubuhi yake mto bado mkavu, na mtoto mwingine anaumwa. Kuna walezi watakaoona hili ni kali mno kwa vijana wa miaka kumi na sita. Mimi naona ni afadhali walikute kwanza mezani. Tena bibi huyo asiwe chambo tu: yeye peke yake ndiye anayekumbuka chemchemi ya zamani ilipo, na watamhitaji baadaye.

Kikao cha pili lije jina. Historia yetu inajua nguvu ya jina linalotangulia mwenyewe. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, anasimulia katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili, kwamba jina la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa sababu ya kupepesa macho. Mwenzake wa Ujiji aliitwa Rumaliza, na jina hilo halihitaji maelezo. Vivyo hivyo Mwenye Maji asikike kwanza katika vinywa vya watu: mchuuzi anamsifu, mtoza kipimo anamwogopa, na mama wa ile ndoo anashusha sauti. Hadithi hizo tatu zisifanane.

Niseme neno dogo kuhusu historia hiyo. Karema iko karibu nasi: ngome iliyoanzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji, ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, na baadaye makao ya daktari na katekista Adrien Atiman, ambaye mwenyewe aliibwa na kuuzwa utotoni huko Afrika Magharibi, akatumikia Karema tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Ni hazina kwa msimulizi. Lakini ukichagua kisa cha misafara, usimfanye adui awe kanzu na kilemba, ukawaacha vijana wakimtazama jirani yao Mwislamu kwa jicho jipya. Biashara ile ilikuwa na watemi wa bara ndani yake, na pembe zilinunuliwa Ulaya na Marekani zikawa vibao vya piano. Na Katabi, ambaye baadhi ya wenyeji humheshimu kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi, usimgeuze kuwa pepo wa mchezo wako. Imani za watu si vifaa vya kuchezea.

Kikao cha tatu Mwenye Maji aje mwenyewe, na aje kwenye msiba. Analeta mikokoteni ya maji, anakaa chini na wafiwa, anakumbuka jina la marehemu. Neno lake la kwanza liwe la haki. Mwinjili Yohane anafanya hivyo kwa Yuda Iskariote: maneno ya kwanza tunayomsikia akisema ni ya kuwatetea maskini, kwamba marhamu ile ingeuzwa dinari mia tatu (Yn 12:4-6). Mwinjili anatufunulia nia yake papo hapo. Wewe subiri kidogo. Vijana wanywe maji yake. Ukisikia mmoja anasema, "Kumbe ni mtu mzuri," umefaulu. Baada ya maziko, akiwa anapanda mkokoteni, ndipo aombe, kwa upole, kila nyumba itoe mtoto mmoja hadi masika.

Kutoka hapo Mtakatifu Inyasi wa Loyola atakusaidia kuliko kitabu chochote cha mchezo. Katika Mazoezi ya Kiroho, kwenye tafakari ya Bendera Mbili, anamweka jemadari wa maadui katika kiti cha moto na moshi, kisha anaeleza ngazi zake: kwanza tamaa ya mali, halafu heshima ya dunia, mwisho kiburi. Mwenye Maji azipande ngazi hizo hizo. Mhunzi apewe kazi yenye malipo mazuri, mjumbe apewe cheo, na mwindaji aambiwe kwamba yeye si kama hawa wengine. Inyasi anafundisha pia kwamba adui huizunguka ngome akitafuta pale palipo dhaifu. Tafuta udhaifu wa mhusika, kamwe usitafute wa kijana mwenyewe. Kama unajua kwamba nyumbani kwa binti fulani bibi yake amewahi kusingiziwa, zungumza naye kabla ya kikao cha kwanza, na uwe tayari kukibadilisha. Mkubaliane wote kwamba mkono ukiinuliwa, hadithi inasimama bila maswali.

Baada ya kila kikao acheni robo saa ya kuzungumza kama ninyi wenyewe. Swali moja linatosha: ni lini ulianza kumshuku, na kwa sababu gani? Majibu ya wiki ya kwanza yatataja sura na sauti. Yaandike uone ya wiki ya nne yatataja nini.

Linabaki swali ambalo wasimulizi wapya huuliza: itakuwaje wakijiunga naye? Hutokea, hasa kama umemchora vizuri. Usiwazuie, wala usilete radi kutoka mbinguni. Wiki inayofuata waanzie juu bwawani, wakiwa na chakula cha kutosha na daftari la majina ya watoto mikononi mwao. Na mtu wa kwanza kufika langoni awe yule bibi, amebeba kibuyu kitupu. Kisha uliza kama kawaida: "Mnafanya nini?"