Nyumba na Jua

Kuna nyumba yenye joto mno mwezi wa Oktoba, na yenye baridi mno mwezi wa Juni. Watu wengi wa Katanga wanaijua, kwa maana wanalala ndani yake. Mabati yakipigwa na jua yanakuwa kama chungu juu ya moto; usiku yanapoa upesi, kwa sababu ni membamba, hayawezi kuweka joto. Ukuta mnene wa udongo hufanya namna nyingine. Mnajua mafiga ya mama zenu: moto umezimika zamani, lakini mawe bado yana joto. Ukuta ni vile vile. Mchana unapokea joto polepole, na usiku unalirudisha polepole. Basi yafaa kujua jua linapiga ukuta upi, na katika mwezi upi.

Katika shule moja karibu na Lubumbashi, watoto wa darasa la tano walitafuta jambo hilo kwa mikono yao wenyewe. Walisimamisha fimbo ya meta 1 katikati ya uwanja, wakaipima kwa timazi ili isiiname. Kila juma, kengele ya Malaika wa Bwana ilipolia adhuhuri, walisali, kisha wakatoka kutazama kivuli. Hawakupima mara moja. Walingoja mpaka kivuli kiwe kifupi kuliko vyote, maana saa ya ukutani na jua havipatani kabisa.

Mwisho wa Oktoba kivuli cha adhuhuri kilipotea: jua lilikuwa juu ya vichwa vyao. Siku chache kabla ya Noeli kilionekana upande wa kaskazini, sentimeta 21 tu. Na mwezi wa Juni, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, kilikuwa upande wa kusini, sentimeta 70. Ndivyo walivyofahamu kwamba wakati wa baridi jua la adhuhuri linasimama upande wa kaskazini, limeinama. Lakini kuta za mashariki na magharibi zinapigwa na jua miezi yote, asubuhi na jioni, wakati jua liko chini na upenu hauwezi kulizuia.

Mwalimu akachora ubaoni ukuta wa kaskazini, na upenu unaotokeza sentimeta 60. Mwishoni mwa Juni, adhuhuri, kivuli cha upenu huo hushuka sentimeta 85 tu. Chini yake jua linaingia dirishani. Tarehe 23 Septemba, joto linapoanza, kivuli cha upenu ule ule hushuka karibu meta 3, na ukuta mzima umefunikwa. Upenu ni ule ule. Jua ndilo lililohama.

Watoto walijenga pia vijumba viwili vya udongo, kila kimoja kikubwa kama kiti. Kimoja kilitazamisha kuta zake ndefu kaskazini na kusini, kingine mashariki na magharibi. Lakini kikundi kimoja kilitia mabati, na kingine nyasi. Jioni wakabishana sana: tofauti ya joto imeletwa na nini, na paa au na ukuta? Hakuna aliyeweza kujibu. Mwalimu akawaambia wabomoe mapaa na kuezeka vyote viwili kwa nyasi. Walinung'unika, wakafanya. Tangu siku ile kipimajoto kilionyesha wazi: saa kumi, kijumba chenye ukuta mrefu wa magharibi ndicho kilichozidi joto.

Mtoto mmoja alikuwa na sababu yake ya kupima. Nkambo wake alilala katika chumba cha kusini, na kila Juni mifupa yake ilimuuma kwa baridi. Baba yake alikuwa amekausha matofali ya nyumba mpya. Vigingi vilikwisha kupigwa, na msingi wa upande mmoja umechimbwa. Nyumba ingetazama barabara, yaani magharibi, na chumba cha nkambo kingekuwa kusini tena.

Mtoto akasema: “Baba, jua la Juni halitaingia kwa nkambo.”

“Mwanangu, nyumba hutazama barabara. Nani atapita nyuma kuniamkia?”

Mtoto akanyamaza, kwa maana si vizuri kushindana na baba. Jumamosi mwalimu mwenyewe akaja, akamsalimu, akamwomba afike shuleni saa kumi kutazama kazi ya watoto. Baba akafika. Akaweka kiganja juu ya ukuta wa magharibi wa kijumba, kisha juu ya ukuta wa kaskazini wa kile kingine. Akakaa kimya kidogo.

“Bwana mwalimu, nimeona. Lakini kiwanja changu ni chembamba. Siwezi kuigeuza nyumba.”

Hayo yalikuwa kweli. Wakaacha mlango utazame barabara. Chumba cha nkambo wakakihamisha pembe ya kaskazini, na dirisha lake kaskazini. Upande wa magharibi wakaongeza baraza ya meta 2, na chini ya mabati wakatia dari ya matete, pamoja na matundu ya upepo ambayo yanaweza kuzibwa wakati wa baridi. Msingi uliochimbwa ukafukiwa, na mafundi wakalipwa siku mbili zaidi. Baba hakufurahia malipo hayo.

Juni iliyofuata, adhuhuri, nkambo alikuwa anaketi chini ya dirisha lake, jua miguuni, akichambua maharagwe. Chumba cha kusini walipewa watoto.

Kazi

1. Simamisheni fimbo ya meta 1 shuleni kwenu. Pimeni kivuli cha adhuhuri kila juma, na andikeni tarehe.
2. Kwa nini mwalimu aliwaambia watoto wabomoe mapaa?
3. Kisangani ni karibu na ikweta, na hapana majira ya baridi. Je, dirisha la kaskazini lina faida ile ile huko?
4. Chora nyumba ya kwenu. Onyesha ukuta unaopigwa na jua saa kumi, na mahali anapolala mzee.