Dania na Mnanaa Katika Ndoo: Mizizi Nayo Yataka Kupumua



Kila mwaka, mwezi wa Januari na Februari, kabla ya mvua ya masika kufika, bustani nyingi za nyuma ya jiko katika skimu zetu hukauka. Maji yanayochotwa yawatosha watu na ng'ombe tu. Hapo ndipo mama mwenye ekari zake mwenyewe hutoa fedha kununua kifungu cha dania sokoni, na fedha hizo zingaliweza kununua sabuni au daftari la mtoto.

Somo la mwezi huu lahusu njia ya kukuza viungo vya majani bila udongo, ndani ya ndoo ya maji yaliyotulia. Haitaki pampu, wala umeme, wala kumwagilia kila siku. Wataalamu huiita haidroponiki isiyozungusha maji. Jina ni refu, lakini kazi yenyewe mtoto wa shule aweza kuifanya akifundishwa vizuri.

Kosa nililolifanya mimi

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kazi yangu ni barua na majalada. Niliposoma habari za njia hii, nilipanda mnanaa katika ndoo nyuma ya nyumba yangu. Kila asubuhi niliifunua ndoo, na nilipoona maji yamepungua, niliyajaza tena mpaka juu. Nilifikiri kwamba mmea uliopandwa majini usikose maji hata siku moja.

Baada ya majuma machache majani yaligeuka manjano. Mizizi iliyokuwa myeupe ikawa ya kahawia, ikatoa harufu mbaya. Nilimwita Bwana Shamba nikamwambia ugonjwa umeingia. Yeye aliinua mfuniko, akatazama, akasema, "Bwana Karani, hapa hakuna ugonjwa. Hukuunyima mmea huu chakula, uliunyima pumzi."

Neno hilo ndilo somo lote la leo. Anayelishika atafaulu, na anayelisahau atapoteza mbegu, mbolea na maji yake.

Kwa nini mizizi huhitaji hewa

Mizizi ni hai, nayo hutumia oksijeni kama sisi. Mkulima amekwisha kuliona jambo hili shambani. Mvua inapozidi na maji yakasimama bondeni, mahindi ya pale bondeni huwa manjano na kudumaa, hali yale ya mteremkoni ni mabichi. Maji yameziba nafasi za hewa zilizokuwa katika udongo, na mizizi imekosa pumzi.

Labda mtu atauliza: mbona mpunga wa Mwea husimama majini na kustawi? Mpunga una njia za hewa ndani ya shina na mizizi yake, nazo hupeleka hewa kutoka majani mpaka chini. Dania haina njia kama hizo.

Katika ndoo yetu twaitengeneza nafasi ya hewa hivi. Siku ya kwanza maji hugusa sehemu ya chini tu ya kikombe cha mche. Mmea unapokunywa, maji hushuka, na kati ya mfuniko na maji hubaki nafasi yenye hewa na unyevu. Mizizi ya juu inayobaki katika nafasi hiyo huota vijizizi vingi vya kuvuta hewa. Mizizi ya chini huendelea kunywa maji na chakula. Basi maji yakishuka usitishike, maana ndivyo inavyotakiwa. Ukijaza tena mpaka juu, mizizi ile ya hewa itazama na kufa, kama ilivyokufa yangu.

Njia hii ilitoka wapi

Kukuza mimea katika maji yenye chumvi za mbolea kulianza kwa ajili ya uchunguzi. Katika miaka ya 1860 wataalamu wa Ujerumani, Julius Sachs na Wilhelm Knop, walikuza mimea hivyo ili wajue kila mmea wataka chakula gani. Baadaye W. F. Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, aliijaribu kwa mazao ya kuuza, na mwaka 1937 akalitangaza jina la haidroponiki. Njia ya kuyaacha maji yashuke yenyewe, bila pampu, ilielezwa kwa urefu na B. A. Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ambaye aliijaribu sana kwa saladi. Saladi moja yaweza kukua mpaka kuvunwa katika chombo cha lita 4 hivi, kilichojazwa mara moja tu.

Vitu vinavyotakiwa

Tafuta ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko, kama ile ya mafuta ya kupikia, uioshe vizuri kwa sabuni. Usitumie hata kidogo chombo kilichowahi kutiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe au dawa ya kunyunyizia mimea, hata kama kimeoshwa mara kumi. Usitumie debe la bati, kwa sababu chumvi za mbolea hulila.

Ndoo isipitishe mwanga. Mwanga ukiingia, maji huota ukungu wa kijani unaokula chakula cha mmea. Ikiwa ndoo yako ni nyeupe, ifunike kwa gunia au ipake rangi nyeusi kwa nje, kisha nyeupe juu yake ili isipate joto jingi.

Toboa mfuniko matundu 4. Katika kila tundu tia kikombe kidogo cha plastiki kilichotobolewa chini na ubavuni, ambacho ukingo wake utashikwa na mfuniko kisianguke. Ndani ya kikombe tia kokoto ndogo zilizooshwa au kipande cha sponji safi.

Chakula cha mmea

Hapa wengi hukosea. Mkulima husema, "Nina CAN na DAP ghalani, nitazikoroga." Usifanye hivyo. Shambani udongo una vijidudu vinavyoigeuza mbolea ya amonia kuwa naitreti, ambayo mimea mingi huipenda zaidi. Ndani ya ndoo vijidudu hivyo ni vichache mno. Tena CAN na DAP hazina potasiamu, wala chuma cha kutosha, wala vile vyakula vingine vidogo ambavyo udongo huvitoa wenyewe. Katika ndoo mmea haupati kitu ila kile ulichokitia wewe.

Nunua mbolea kamili ya haidroponiki. Mara nyingi huuzwa kwa sehemu mbili, A na B. Sehemu moja huwa na kalsiamu naitreti, ambayo si sawa na CAN ingawa majina yakaribiana. Usizichanganye A na B zikiwa nzito, kwa maana kalsiamu itashikana na fosfeti na salfeti, itageuka kama chokaa na kutulia chini, na mmea hautaweza kuila. Tia A ndani ya maji mengi, koroga; kisha tia B, koroga tena.

Pima, usikisie. Tuseme karatasi ya mbolea yako yasema mililita 5 za A na mililita 5 za B kwa kila lita 1 ya maji. Ndoo yako ina lita 16. Basi 16 mara 5 ni 80: utatia mililita 80 za A na mililita 80 za B. Kuzidisha hakuharakishi mmea. Chumvi nyingi hunyang'anya mizizi maji na kuunguza ncha za majani.

Maji ya mvua kutoka mabati ndiyo bora. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi hayafai.

Jinsi ya kupanda

1. Anza na mnanaa, ambao wengine huuita minti, kwa kuwa hausumbui. Kata vijiti vya urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, uvisimamishe katika glasi ya maji matupu. Baada ya siku 7 hadi 14 vitaota mizizi. Rehani nayo hupandwa hivyo.

2. Dania haipendi kuhamishwa, kwa sababu ina mzizi mkuu unaokwenda chini. Ipande papo hapo ndani ya kikombe. Kila punje ya dania ina mbegu mbili. Ibonyeze taratibu mpaka ipasuke, kisha tia vipande 5 au 6 katika kila kikombe. Itaota baada ya juma moja au mawili.

3. Jaza ndoo mpaka maji yaguse sentimita 1 au 2 za chini ya kikombe. Yasifike juu zaidi ya hapo. Kokoto au sponji ibaki na unyevu mpaka mizizi itoke chini.

4. Weka ndoo mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo.

5. Iwe chini ya paa. Mvua ikipenya katika matundu itaijaza ndoo usiku mmoja, na mizizi ya hewa itazama.

Kutunza na kuvuna

Funua mfuniko mara moja kwa juma, utazame. Mizizi myeupe au ya rangi ya maziwa ni mizuri. Mizizi ya kahawia yenye utelezi na harufu ni dalili ya kukosa hewa au ya joto jingi.

Dania huvunwa mara nyingi baada ya majuma 4 hadi 6. Ivune kabla haijatoa shina la maua, ambalo huja upesi wakati wa joto. Kisha osha ndoo na uanze upya. Mnanaa huishi zaidi. Ukikatwa ncha huchipua tena, na huenda maji yakafika karibu na chini. Hapo ongeza maji yenye mbolea nusu ya kipimo, lakini yasipite robo ya ndoo. Mizizi iliyozoea hewa iachwe hewani.

Hadhari tatu

Kwanza, mbu. Maji yaliyotulia ni kitanda cha viluwiluwi. Mfuniko ukae imara, na tundu lolote lisilo na kikombe lizibwe.

Pili, watoto. Maji haya ni safi machoni, lakini si ya kunywa. Mtoto mchanga akinyweshwa maji yenye naitreti nyingi, damu yake hushindwa kubeba oksijeni vizuri, naye aweza kufa. Andika kwenye ndoo SI MAJI YA KUNYWA, na uwafundishe wasiojua kusoma. Mbolea nayo ifungiwe mahali pa juu.

Tatu, maji yanayobaki usiyamwage karibu na kisima au mto. Yamwage kwenye migomba au nyasi za ng'ombe.

Je, faida ipo?

Tuseme kweli. Njia hii haifai kwa mahindi, wala viazi, wala sukuma wiki ya kulisha nyumba nzima. Udongo huyafanya hayo kwa gharama ndogo zaidi. Faida yake ni kwa vitu vidogo vyenye bei, vinavyotakiwa vibichi, hasa wakati wa kiangazi au mahali penye mawe au udongo mweusi unaotuamisha maji. Maji yaliyomo hayapotei ardhini. Karibu yote hupita ndani ya mmea, na ndoo moja hukaa majuma mengi bila kuongezwa.

Basi usiuze ndama ili ununue mabomba na vyombo vya kung'aa. Anza na ndoo moja. Katika daftari andika fedha ulizotoa kwa mbolea na mbegu, na upande wa pili andika vifungu ulivyovuna na bei ya sokoni ya kila kifungu. Baada ya mavuno mawili daftari litakuambia kama yafaa kuwa na ndoo ya pili. Kama halikubaliani nawe, lisikilize.

Mnanaa wangu wa mara ya pili nilipanda katika ndoo ile ile. Safari hii niliyatazama maji yakishuka, mkono ukiniwasha kuyajaza, nikauzuia. Sasa twauchuma kwa chai.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini haifai kuijaza ndoo mpaka juu maji yanapopungua?
2. Mpunga huwezaje kusimama majini bila kudhurika?
3. Kwa nini CAN na DAP hazitoshi katika ndoo?
4. Ndoo ina lita 12, na mbolea yataka mililita 5 za A na 5 za B kwa kila lita. Utatia kiasi gani cha kila moja?

Msomee jirani asiyejua kusoma, kisha muulize maswali haya. Akiyajibu yote, na wewe umelielewa somo.