Rangi ya Oili Haitoshi

Tukirudi Mbeya kutoka Iringa, gari la mjomba, la otomatiki, likaanza kutetemeka kama linapita kwenye matuta, na lami ilikuwa safi. Fundi akachomoa kijiti: "Oili bado nyekundu, iko poa."

Wanachuo wenzangu, rangi haitoshi. Klachi ikiteleza, msuguano unatakiwa uongezeke kadiri kasi ya mtelezo inavyopanda. Viungo vya oili vikichoka kwa joto, mambo yanageuka: klachi inanata, inaachia, inanata tena. Ndiyo mtetemo wenyewe.

Kipimo cha Japani, JASO M349, huizeesha oili makusudi, kikihesabu saa mpaka msuguano ugeuke. Tulibadilisha oili, mtetemo ukaisha. Hesabu kilomita, usingoje rangi.